Hadithi ndiyo inayomfanya mtoto kuwa msomaji

Mtoto aliyefundishwa vizuri silabi za Kiswahili anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukosea, na bado asiweze kukueleza ni nani aliyemfanyia nani nini. Tahajia yetu inamrahisishia sana: irabu ni tano tu, na akishazijua pamoja na michanganyiko kama mb, nd na ng', ni nadra neno kumshinda kulitamka. Urahisi huo ni neema, lakini huwapumbaza walimu na wazazi, kwa kuwa wakisikia sauti inatiririka hudhani kazi imekwisha. Mimi naamini kwamba hapo ndipo kazi inapoanza, na kwamba hufanywa na vitabu vya hadithi kuliko vitabu vya kiada.

Chukua neno kama "hawakunisimulia". Ndani ya neno hilo moja mna ukanushi, watenda, wakati uliopita, mtendewa na kitendo chenyewe. Mtoto anayelisoma silabi baada ya silabi hufika mwisho akiwa ameusahau mwanzo, na hakuna kanuni ya sarufi itakayomponya. Kinachomsaidia ni kukutana na maneno ya namna hiyo mara nyingi mno, ndani ya kisa kinachomtia hamu ya kujua kilichofuata, mpaka jicho lake lizoee kulitambua neno zima kwa mara moja. Kifungu kifupi cha ufahamu chenye maswali chini yake hakiwezi kujenga mazoea hayo. Zaidi ya hapo, usimulizi una lugha yake ambayo mazungumzo ya nyumbani hayaitumii sana: mfululizo wa "akaondoka, akaenda, akamkuta", kauli za wahusika zinazopokezana, methali inayotamkwa pale hasa inapohitajika. Mwanafunzi aliyeikosa lugha hiyo utotoni hutambulika anapoagizwa kuandika insha, kwani huorodhesha matukio bila kuyaunganisha.

Tathmini za Uwezo, mpango unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, zilizofanywa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilionyesha kwamba takriban theluthi moja tu ya wanafunzi wa darasa la tatu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Baadaye mtaala wa madarasa ya awali ya msingi ulibadilishwa ili KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zipewe uzito wa kwanza. Nayaunga mkono mabadiliko hayo kwa dhati, ila nasisitiza kwamba kumfundisha mtoto kusoma bila kumpa cha kusoma ni kumwacha njiani.

Si kwamba lugha hii ilikuwa na upungufu wa hadithi. Kabla ya shule za kisasa, watoto walikuwa wakiitikia "Pakawa!" kila walipoitiwa "Paukwa!", wakimfuata Sungura katika hila zake. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alipochapisha hadithi alizozikusanya Unguja, mwaka 1870, mojawapo ilikuwa kisa cha Sultani Darai. Maskini achakuraye jaani anamnunua paa, na paa yule, kwa akili na ushujaa wake, anampatia mke ambaye ni binti wa sultani pamoja na nyumba ya fahari. Paa anapougua, bwana wake anampuuza na kuamuru apikiwe uji wa hovyo, na mnyama anakufa kwa uchungu. Mwishowe mtu yule anajikuta amerudi jaani, akichakura kama zamani. Hakuna msimulizi anayejitokeza kueleza ubaya wa kukosa shukrani. Msikilizaji anaachiwa uchungu wake, na hicho ndicho ninachokitamani zaidi katika vitabu vya leo.

Maandishi ya watoto yaliyofuata yalipitia njia tofauti. Enzi ya ukoloni ilileta tafsiri nyingi, ikiwemo Elisi katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umewapa waandishi na wachapishaji wa nyumbani nguvu kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Hatua hiyo ilistahili sifa kuliko ilizopewa. Hata hivyo, vitabu vingi mno ninavyovisoma vinafuata mkondo mmoja: mtoto anakaidi, anapatwa na balaa, anaomba radhi, na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" inahitimisha kila kitu. Mwandishi anayeandika hivyo anamlenga mzazi anayenunua na mwalimu anayekagua. Mtoto hutambua haraka kwamba anahubiriwa, kisha hufunga kitabu. Anastahili wahusika wa rika lake wanaotatua jambo wenyewe, wanaochekesha, wanaokosea bila kuadhibiwa kila mara, na picha zinazoongeza kitu ambacho maneno hayakukisema.

Kikwazo kingine kiko sokoni. Nchini Tanzania Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, lakini sekondari masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mzazi mwenye fedha kidogo huona afadhali anunue kitabu cha Kiingereza mapema. Namwelewa, ingawa nadhani anakosea hesabu: uzoefu wa kufuata kisa kirefu, kukisia kitakachotokea na kuelewa nia ya mhusika hujengwa kwa wepesi zaidi katika lugha anayoielewa mtoto, kisha hutumika katika lugha ya pili. Kwa shule zisizo na fungu la kununua vitabu, jukwaa la African Storybook limekuwa likitoa tangu mwaka 2014 hadithi, zikiwemo nyingi za Kiswahili, ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzichapa na kuzigawa bila malipo.

Vitabu vikipatikana, visifungiwe kabatini ofisini kwa kuogopa kuchafuka. Mwalimu awasomee wanafunzi kwa sauti kila siku, walau kwa muda mfupi, bila kuwauliza maswali ya mtihani baada ya hapo, na kila mtoto aruhusiwe kwenda na kitabu nyumbani. Mkaguzi anapofika shuleni, aombe kwanza kuliona daftari la kuazimia vitabu vya hadithi.