Piano ya alfajiri

Saa kumi na moja alfajiri, kabla makanga hawajaanza kuita abiria hapa Kayole, huwa nimeshaketi kwenye cherehani, simu nimeiegemeza kwenye mkebe wa vifungo. Tangu mama atuache nasikiliza albamu EUSA ya Yann Tiersen, mwanamuziki Mfaransa mzaliwa wa Brest. Aliitoa mwaka 2016, piano tupu. Eusa ni jina la kisiwa cha Ouessant, magharibi mwa Ufaransa, kwa Kibretoni, lugha ya eneo hilo, na vipande vingi vimepewa majina ya mahali kisiwani humo.

Nakipenda mno "Porz Goret". Noti zinatiririka polepole, zinarudi, zinarudi tena, kama mawimbi yasiyochoka ufuo. Mguu wangu huachia pedali bila mimi kujua. Jana pindo la sare ya mtoto wa jirani lilibaki nusu. Nililia kidogo, nikatunga uzi upya.