Risasi ya Greni 125

Bunduki aliyotuazima jirani yetu ilikuwa ya saizi ya .30-06, mbao yake ya mjozi imeng'aa kwa kushikwa miaka mingi, na pamoja na darubini ilikuwa na uzito wa ratili nane hivi. Mimi na mume wangu tulikuwa tumehamia karibu na Viroqua, kusini-magharibi mwa Wisconsin, nchi ya vilima na mabonde ambako Novemba ikikaribia hata foleni ya dukani watu wanaulizana habari za kulungu. Nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku. Nyama ya halali tulikuwa tukiifuata Madison, karibu saa mbili kwa gari, na njiani tunawaona kulungu wamejaa mashambani wakila masalia ya mahindi. Mume wangu ndiye aliyesema, mbona tunawapita?

Wisconsin, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye hapewi leseni ya kawaida ya kuwinda mpaka asome kozi ya uwindaji salama. Tukaisoma wote wawili, tukafaulu. Kilichobaki kikawa ni kujifunza kupiga, na hapo ndipo jirani alipotoka na paketi ya risasi iliyoandikwa 180.

Namba hiyo ni uzito wa risasi yenyewe, kile kipande kinachoruka, kwa greni. Ratili moja ina greni 7,000, kwa hiyo risasi ya greni 180 haifiki hata gramu 12. Kuitazama kiganjani huwezi kuamini kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kumsukuma mtu mzima. Mimi nina kilo hamsini na kidogo. Tulikwenda nyuma ya ghala lake, ambako kilima kinafanya ukuta wa udongo, akatundika karatasi yadi 100 kutoka kwenye meza, akanionyesha jinsi ya kukiingiza kitako cha bunduki kwenye bega na kuuegemeza uso. Nikavuta triga. Teke lake lilinifika mpaka kwenye meno.

Niliendelea. Sikutaka kuonekana mwanamke wa kulalamika mbele ya mzee wa watu aliyeacha kazi zake kutufundisha. Lakini tundu za kwenye karatasi zilikuwa zinatawanyika, na kila nilivyozidi kupiga ndivyo zilivyozidi kutawanyika na kushuka. Usiku ule nikimgeuza mgonjwa kitandani, bega lilinikumbusha.

Safari iliyofuata, jirani alisema ataniwekea risasi yeye mwenyewe, nisitazame. Nikalenga, nikavuta pumzi, nikavuta triga, na bunduki ikalia "tik". Hakukuwa na mlipuko. Alikuwa ameweka ganda lisilo na baruti. Lakini mtutu ulishuka. Niliuona kwa macho yangu ukichota chini na kuelekea kushoto, na bega langu likijitupa mbele kupigana na teke ambalo halikuwepo. Mzee hakucheka. Akamwita mume wangu, mtu mrefu wa kifua kipana aliyebeba magunia ya tumbaku kwetu Sikonge, Tanzania, tangu ujana wake, akamfanyia vilevile. Mtutu wa mume wangu nao ukashuka.

Hili ndilo jambo ninalotaka kila anayeanza kuwinda alione kwa macho yake, maana kuambiwa hakutoshi. Mwili unajifunza kuogopa bila kukuomba ruhusa. Ukubwa hausaidii sana, na ushujaa hausaidii kabisa. Na mnyama ndiye anayelipa. Mtutu ukishuka kidogo tu kwenye sekunde ile ya mwisho, risasi iliyokuwa iende kwenye mapafu inaishia tumboni au mguuni, na kulungu aliyepigwa tumbo anaweza kwenda mbali sana na kuteseka saa nyingi kabla ya kufa. Sikuvuka bahari ili nije kufanya hivyo kwa kiumbe cha Mungu.

Jirani akanipa njia tatu. Kwanza, kununua bunduki nyingine ndogo, ya .243, ambayo risasi zake huwa za greni 100 au pungufu na ambayo watoto wengi wa wakulima huanza nayo. Pili, kushuka kutoka 180 mpaka 150 kwenye bunduki ileile. Tatu, risasi za greni 125 zilizotengenezwa makusudi kwa teke dogo. Ya kwanza hatukuwa na fedha yake mwaka ule. Kuhusu ya pili akanieleza kitu ambacho sikukitegemea: risasi nyepesi ya kawaida kiwandani hujaziwa baruti iruke kwa kasi kubwa zaidi, kwa hiyo sehemu ya nafuu unayoipata kwenye uzito unaipoteza kwenye kasi. Teke linatokana na vyote viwili, na baruti yenyewe ina uzito wake, maana gesi yake inatoka mtutuni kwa kasi kuliko hata risasi.

Akachukua penseli, tukakaa jikoni kwake. Risasi ya 180 iliruka futi 2,700 kwa sekunde. Ile ya 125 ya teke dogo aliyokuwa akiifikiria, Hornady Custom Lite, nayo iliandikwa futi 2,700. Kasi moja, lakini risasi imepungua karibu theluthi na baruti imepungua pia. Kwa bunduki yetu ya ratili nane hesabu yake ilitoa futi-ratili (kipimo cha nishati) kama 22 za teke kwa ile nzito, na kama 12 kwa ile nyepesi. Karibu nusu. Nilimwuliza kwa nini tusifungue tu zile nzito tukapunguza baruti. Akakataa kwa ukali ambao sijauona kwake tena: kuna baruti ambazo ukiziweka pungufu zinakuwa hatari, na kazi hiyo hufanywa kwa baruti maalumu na kwa kitabu cha mtengenezaji mkononi, si kwa kukisia.

Nikampigia kaka yangu. Kaka ni askari wa wanyamapori, miaka mingi pori la akiba Rungwa, na katika ukoo wetu neno lake juu ya bunduki ndilo la mwisho. Nilipomwambia greni 125 alinyamaza, kisha akauliza, "Mdogo wangu, unakwenda kuwinda kanga?"

"Kulungu, kaka. Wa mkia mweupe."

"Sisi tunabeba bunduki ya .375. Greni 300. Na sheria haikuruhusu kumsogelea nyati na kitu pungufu ya hicho."

"Kaka, huku hakuna nyati. Jike la kulungu lina kilo hamsini, sitini. Na risasi hii ikifika yadi 100 bado ina zaidi ya futi-ratili 1,500."

Akavuta pumzi. Nilimsikia akimwambia shemeji apunguze redio. Kisha akaanza kunisimulia habari za vijana wapya waliokuwa wakiletwa kituoni, wenye nguvu, wenye maneno, na wanavyopewa ile .375 uwanja wa shabaha wanafumba macho kabla ya kuvuta. "Ukimtazama usoni unajua," alisema. "Huyo hata umpe mzinga, hatapiga kitu." Baadaye, tukiwa tumeshahamia kwenye habari za mama na mvua, akarudi mwenyewe: "Basi chukua hiyo unayoweza kuipiga macho wazi. Lakini usipige mbali, na usipige mfupa wa bega. Nyuma ya bega, kwenye mapafu."

Ushauri wake uliingia sawasawa na ule wa jirani. Risasi nyepesi ina mipaka, na anayeisifia bila kuitaja mipaka hiyo hasemi ukweli wote. Inapoteza kasi mapema kuliko ndugu yake mzito, upepo unaisukuma zaidi, na ikigonga mfupa mkubwa inaweza kuvunjika kabla haijafika ndani. Katika misitu ya vilimani kwetu mnyama huonekana akiwa karibu, mara nyingi chini ya yadi 100. Nikaweka mpaka wangu kwenye 150 na sikuuvuka.

Paketi mpya ilipofika tulilazimika kuirekebisha darubini upya, kwa sababu bunduki ileile ikibadilishiwa risasi hupiga mahali pengine kabisa kwenye karatasi. Jirani alinizuia pia nisianze na .30-06 moja kwa moja. Majuma kadhaa nilipiga .22, kibunduki kisicho na teke, hadi mkono ulipoacha kushtuka. Akanivalisha vizibo masikioni na juu yake vifuniko vikubwa. Nilidhani hilo ni jambo la afya ya masikio tu, lakini nilipopiga tena ile kubwa nikagundua kwamba nusu ya woga wangu ilikuwa ya mshindo. Bega lilikuwa limebeba lawama yote. Teke la 125 lilikuwa msukumo wa kustahimilika, na jioni ile tundu zangu zote zilikaa mahali ambapo kiganja kingezifunika. Ganda tupu likarudishwa kwa siri. "Tik." Mtutu haukutikisika.

Msimu wa bunduki Wisconsin ni siku tisa, unaanza Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya Thanksgiving. Tulikuwa na kibali cha jike. Nilipanda ulingo wa jirani pembeni ya shamba la mahindi kukiwa bado giza, nimevaa koti la rangi ya chungwa kali kama sheria inavyotaka, na baridi ile siwezi kuielezea kwa mtu wa Tabora akanielewa. Mume wangu alikuwa bonde la pili. Shehe alikuwa ametuelekeza: taja jina la Mungu unapofyatua, ukimkuta hai mchinje, ukimkuta amekufa kwa jeraha la risasi, ni halali. Maneno hayo nilikuwa nimeyabeba kwa wiki nzima, na nilijua kwamba kwa ile 180 nisingeweza kuyatamka kwa utulivu. Ningeyatamka meno yameumana.

Majike matatu yalitoka kwenye mialoni jua likiwa limeshapanda. Niliacha la mbele lipite. La pili likasimama ubavu wazi, kama yadi 70. Nikasema bismillahi, nikasikia nikiisema, nikavuta.

Kwa sababu macho yalikuwa wazi niliona kila kitu: manyoya yakirukaruka nyuma ya bega, jike likiinama na kutimka, mkia chini. Lilikwenda kama hatua arobaini likaanguka kwenye ukingo wa shamba. Nilikaa ulingoni kama nilivyofundishwa, bunduki imejazwa tena, mpaka nikawa na hakika. Nilipofika lilikuwa limekufa. Damu ya mapafu ni nyekundu nyepesi yenye povu, na ndiyo niliyoikuta majanini njia nzima.

Jirani na mume wangu walinisaidia kutoa matumbo na kuliburuta. Usajili tuliufanya kwa simu siku ileile. Mwisho ni saa kumi na moja jioni ya kesho yake. Tukapeleka na sampuli ya kupimwa ugonjwa ule unaowadhoofisha kulungu mpaka wafe, uliogunduliwa Wisconsin mwaka 2002, na hatukuonja nyama mpaka majibu yalipokuja safi. Sehemu iliyozunguka jeraha niliikata kwa upana nikaitupa, maana ndani ya risasi ile mna madini ya risasi, yaani lead, ambayo ni sumu, na vipande vyake vidogo husambaa kwenye nyama mbali kuliko jicho linavyoona. Msimu uliofuata nilihamia risasi za shaba tupu, nyepesi vilevile, ambazo hazimeguki.

Wakati wa kuchuna, kisu cha mume wangu kiligonga kitu chini ya ngozi ya upande wa pili. Ilikuwa risasi yenyewe. Ilikuwa imepita mapafu yote mawili na kukwama kwenye ngozi ya mwisho, kichwa kimefunuka kama uyoga. Jirani akaiosha, akaiweka kwenye mizani yake ndogo ya baruti: greni 84. Niliipiga picha ikiwa pale pale juu ya mizani nikamtumia kaka.

Rungwa mtandao unakuja na kuondoka. Jibu lilifika usiku, nikiwa zamu. "Mapafu yote mawili?" Nikamwambia ndiyo, yote mawili, na bega langu halina hata alama. Akakaa kimya muda, kisha akaandika: "Za .375 nyepesi huko zinapatikana? Nina vijana wapya sita hapa."