Valvu Ililala Kabla ya Engaruka

Agosti 2019 mimi na mwenzangu, kila mmoja na pikipiki yake, tulitoka Arusha kwenda Ziwa Natron. Yangu ilikuwa Yamaha XT660Z: tairi la mbele 90/90-21 (ringi ya inchi 21), la nyuma 130/80-17 (inchi 17), ringi za spoki, tyubu ndani. Siku tatu kabla ya safari nilikuwa kwa fundi tairi wangu kule Kilombero. Nilitaka matairi ya meno marefu mbele na nyuma. Akakataa.

"Kaka, mpaka Mto wa Mbu ni lami karibu kilomita 120, na kurudi ni hivyo hivyo. Kwa mabegi hayo, meno ya nyuma yatapata moto, yataliwa katikati. Mbele weka meno. Nyuma weka la nusu kwa nusu, la lami na la vumbi."

Mpaka leo nachagua hivyo. La mbele likiteleza mchangani unajikuta chini; la nyuma likiyumba, unaongeza mafuta kidogo na pikipiki inajinyoosha. Kwa hiyo la mbele nalinunua kwa ajili ya kipande kibaya kuliko vyote, la nyuma kwa ajili ya lami.

Kosa nililifanya mwenyewe, kwenye upepo. Mto wa Mbu nilishusha upepo wa la nyuma kutoka psi 33 hadi 18, na wa la mbele kutoka 30 hadi 20. Mchanga wa majivu baada ya kijiji cha Selela ukawa laini kama godoro, nikafurahi. Ila ringi yangu haikuwa na kile kibanio cha ndani kinachoshika tairi. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa husogea juu ya ringi kila unapofungua mafuta, likiiburuta tyubu, huku valvu imekwama kwenye tundu lake. Tena nati ya valvu nilikuwa nimeikaza mpaka kwenye ringi.

Mkia wa pikipiki ulipoanza kuyumba nilishuka. Valvu ilikuwa imelala, kofia inaelekea kwenye spoki, na shinani mpira umechanika kama sentimita moja. Upepo ulikuwa unatoka kwa mluzi mwembamba. Hapo kiraka hakishiki: mpira umejikunja kuzunguka chuma, na bado unavutwa.

Tyubu ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya 21, yaani ya mbele. Hiyo unaweza kuiweka nyuma kwa dharura. Ya nyuma huwezi kuiweka mbele. Tukatoa gurudumu, mwenzangu akakandamiza ukingo wa tairi kwa stendi ya pikipiki yake mpaka ukaachia ringi. Tyubu mpya tuliipaka poda ya mtoto, na mkunjo uliozidi tukausambaza kwa vidole duara zima, usikae sehemu moja. Tukajaza, tukatoa upepo wote, tukajaza tena, ili ijinyooshe. Safari hii upepo psi 25, na nati tukairudisha juu, ikagusana na kofia badala ya ringi. Valvu ikianza kulala utaiona mapema, kabla haijachanika. Tukaenda kilomita 50 kwa saa, si zaidi, maana mawe meusi ya Engaruka hayasamehe tyubu iliyovutwa.

Tuliporudi Arusha fundi alifunga tyubu nzito ya 17, kisha akachukua rangi nyeupe, akapiga mstari mmoja kutoka ubavuni mwa tairi hadi kwenye ringi. Nikishusha upepo, kila kilomita kumi nasimama kuangalia kama mstari ule haujakatika.