Maji ya matunda yalivyoiondoa soda nyumbani kwetu

Huku Tanga joto la kaskazi huanza kubana Desemba, na halituachii mpaka masika yaingie. Miezi hiyo, ikifika saa nane mchana, nyumbani kwetu mtoto mmojawapo alikuwa anatumwa dukani kuleta soda ya baridi. Maji yalikuwepo siku zote, lakini kazi yake ilikuwa kumezea dawa na kunawia mikono. Mgeni akiandaliwa glasi ya maji peke yake ilionekana hatukumkirimu.

Mama mkwe wangu anaishi nasi, naye ana kisukari. Kliniki walimwambia aachane na soda na juisi za kutia sukari. Si mtu wa kubishana na wauguzi, akakubali palepale, ila akaniuliza swali la haki kabisa: "Sasa mwanangu, joto hili ninywe nini? Maji matupu hayanishuki." Niliona nikimwambia avumilie tu, atavumilia wiki moja kisha atarudi kwenye soda kwa siri. Ilibidi nimtafutie kinywaji anachokipenda kweli, na wengine wote wanywe hichohicho, ili yeye asikae mezani kama mgonjwa anayepikiwa chake.

Chupa ya kawaida ya soda, ya mililita 350, huwa na sukari ya gramu 35 au zaidi. Hivyo ni karibu vijiko tisa vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari tunayoongeza kwenye chakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isipite kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Nilipovimimina vijiko hivyo tisa kwenye kisahani na kukiweka mezani, mume wangu alikitazama, akakisogeza pembeni, na siku hiyo hakumtuma mtoto dukani.

Kazi niliianza kwenye maji yenyewe. Watu wengi hukimbilia matunda, lakini maji yenye harufu ya moshi au ya dawa ya kutibia hayaokolewi na ndimu wala nanasi. Ya bomba nayachemsha. Yakitokota sawasawa kwa dakika 1 yanatosha kwetu sisi wa pwani. Walio juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, wayaache dakika 3. Natumia mkaa, kwa hiyo sufuria naifunika tangu mwanzo, maana moshi kidogo tu ukiingia unabaki kwenye maji hata yakipoa. Yakishachemka naepua, naacha yatulie, kisha nayachuja kwa kitambaa cheupe ambacho kazi yake ni hiyo tu. Harufu ya klorini hupungua sana maji yanapochemka.

Ya kunywa hivihivi yanakwenda kwenye mtungi. Sijaona jokofu linalotoa maji matamu kama mtungi wa udongo. Maji hupenya kidogokidogo kwenye vitundu vya udongo, hufika nje na kukauka, na yanapokauka huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi mzuri hutoka jasho. Kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu mwingi, jasho hilo hukauka polepole, basi mtungi nimeuweka barazani penye upepo, juu ya kigoda, mbali na jua. Lakini tunda siingizi humo hata siku moja. Vitundu vilevile vinavyopoza maji hunywa utomvu wa matunda, utomvu unachacha, na huwezi kuusugua ukatoka. Maji ya matunda nayatengeneza kwenye jagi la kioo lenye mfuniko. Sufuria ya aluminiamu nayo haifai kulazia ndimu au chungwa, kwa sababu uchachu hula ile aluminiamu na maji yanapata ladha ya bati.

Sasa matunda. Nilichojifunza, na ndicho ninachotaka kila mwenye jagi akijue, ni kwamba kila tunda lina muda wake. Yapo yanayotoa ladha haraka kisha yakaanza kuharibu, na yapo yasiyotoa kitu mpaka yalale. Ukiyatia yote pamoja na kuyaacha pamoja, lazima mojawapo likukosee.

Ndimu ndiyo mfalme, na ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote. Kati ya lile ganda la kijani na nyama kuna utando mweupe, na uchungu umekaa humo na kwenye kokwa. Hautoki mara moja. Saa ya kwanza maji ni mazuri, ya tatu bado, ukirudi jioni unakunja uso. Kwa hiyo nafanya hivi: nakwangua ganda la nje jembamba kwa kisu kikali, vipande viwili vitatu visivyo na weupe, kwa ajili ya ile harufu yake. Halafu namenya weupe wote, nakata nyama visahani, nachokoa kokwa kwa ncha ya kisu. Ndimu iliyoandaliwa hivyo inaweza kulala kwenye jokofu na asubuhi maji yakawa laini. Ukiwa na haraka na utayanywa ndani ya saa mbili, kata na ganda lake, hakuna ubaya. Machungwa ya Muheza yanapokuja kwa wingi nayafanyia vivyo hivyo.

Tango halina makuu. Linakatwa jembamba na ganda lake, linakaa saa nne au usiku kucha, na maji yanapata ubaridi fulani ambao hata bila barafu unausikia. Onja kwanza kipande cha upande wa kikonyo, kwani matango mengine ni machungu huko na uchungu huo utahamia kwenye jagi. Nanasi nalikata vipande vidogo, pamoja na ule moyo mgumu wa katikati ambao watoto hawautaki, na kwa kweli moyo huo ndio ninaoupenda zaidi kwa maji kwa sababu hauvurugiki. Nanasi lisikae siku mbili, linawahi kuchacha. Tikitimaji ni la saa mbili tatu tu, baada ya hapo linalegea na kuacha nyuzinyuzi. Pasheni naikamulia kwenye chujio, kokwa zibaki juu. Embe sitii kabisa. Linatoa ukungu mwingi na ladha kidogo, heshima yake ni kuliwa au kusagwa. Papai, ndizi na parachichi pia hayana nafasi kwenye jagi.

Majani na viungo ndivyo vinavyofanya watu waulize "umetia nini?" Mnanaa nimeupanda uani kwenye ndoo kuukuu, nyuma ya banda la kuku, na unakua bila kubembelezwa. Naosha kijitawi, nakiweka kiganjani, nakipiga kwa kiganja kingine mara moja, pa! Harufu inafunguka bila jani kuchanika. Ukiutwanga maji yanakuwa ya kijani na yana ladha ya nyasi. Mchaichai, kinyume chake, unataka kupondwa. Nagonga ule mguu mweupe kwa mchi, naumwagia kikombe kimoja cha maji ya moto, nafunika, na kikipoa ndipo namimina kwenye jagi. Tangawizi nayo inapenda maji ya moto kwanza. Kijiti cha mdalasini kinaweza kutiwa kwenye maji baridi jioni, na asubuhi kimetoa utamu ambao unaudanganya ulimi kwamba kuna sukari.

Hicho kijiti ndicho kilichomshinda mama mkwe. Jagi la kwanza alilolipenda lilikuwa la lita 2: nusu tango, ndimu moja iliyomenywa weupe, kitawi cha mnanaa na kijiti cha mdalasini, vikalala usiku kucha. Nilimpelekea glasi barazani baada ya sala ya adhuhuri. Akanusa kwanza, akanywa funda, akanitazama.

"Umetia sukari?"

"Hata chembe, mama."

"Hata asali?"

"Hata asali."

Akamaliza, akanyoosha glasi nimwongeze. Tangu hapo jagi la mezani ni lake, na watoto hulitamani kwa sababu ni la bibi.

Watoto niliwapata kwa njia nyingine. Kuwaeleza habari za gramu na vijiko hakukusaidia sana. Kilichosaidia ni kuwakabidhi kazi. Kila jioni mmoja anachagua tunda na kuliosha, mwingine anachuma mnanaa. Wakitengeneza wenyewe wanakunywa. Soda haijapigwa marufuku; Sikukuu tunakunywa, tukialikwa harusini tunakunywa. Ila haitafutwi tena mchana wa siku ya kawaida. Kwa fedha pia nafuu inaonekana, maana tango moja na ndimu vinashibisha jagi la watu wote, na soda ni chupa kwa kila mdomo. Sokoni Mgandini naweza kununua ndimu ndogondogo ambazo wauzaji wa chipsi hawazitaki, nami ndizo ninazozitafuta.

Usafi sitaki mzaha nao, hasa kwa kuwa anayenywa ni mzee mwenye kisukari. Tunda linaoshwa kabla ya kukatwa, hata kama ganda litatupwa, kwa sababu kisu kinapopita hubeba uchafu wa nje na kuuingiza ndani. Tikitimaji limelala chini shambani, nalisugua kwa brashi chini ya maji yanayotiririka. Jagi likiwa mezani halipiti saa mbili bila ubaridi, na siku za joto lile kali saa moja inatosha. Kwenye jokofu matunda hayakai zaidi ya siku moja. Nayachuja, na maji yaliyobaki naweza kuyanywa kesho yake. Umeme ukikatika usiku, asubuhi jagi namwagia mche wa mpapai bila majonzi na kuanza upya. Siku ambazo umeme hauaminiki natengeneza jagi dogo la kumalizwa palepale. Chupa za plastiki za maji ya dukani niliacha kuzitumia tena na tena. Shingo yake ni nyembamba, mkono haufiki, na huko chini hukaa utelezi ambao hauuoni mpaka uuguse.

Napenda pia kusema wazi jambo moja, kwa sababu maji haya yanauzwa siku hizi kwa jina la ditoksi, na nimeona watu wakiahidiwa kwamba yatasafisha damu, yatayeyusha kitambi na kuponya sukari. Mwili una ini na figo, hivyo ndivyo vinavyosafisha. Vitamini inayoingia kwenye maji kutoka kwenye vipande vichache vya tunda ni kidogo sana ukilinganisha na kulila tunda lenyewe. Faida ya jagi langu ni kwamba mtu anakunywa maji zaidi na sukari kidogo, na kwa mtu wa pwani anayetoka jasho kutwa nzima faida hiyo si ndogo. Mama mkwe hajaacha dawa zake wala kliniki yake, na sitamwambia aache. Vipande vya nanasi vilivyobaki chini ya jagi akitaka kuvila, tunavihesabu kama tunda lake la siku hiyo.

Meno nayo yakumbukwe. Maji ya ndimu ni machachu, na ukikaa nayo ukipiga funda mojamoja toka asubuhi hadi jioni, meno yanachakaa. Sisi ya ndimu tunakunywa pamoja na chakula au mara moja kwa glasi nzima, kisha tunasukutua kwa maji matupu. Kupiga mswaki tunasubiri nusu saa, ili ule uchachu usisuguliwe kwenye meno. Mchana mwingine ni zamu ya tango, mnanaa au mchaichai, ambavyo havina ukali huo.

Jirani zangu walianza kuniomba niwatengenezee kwa shughuli, na hapo hesabu hubadilika kidogo. Kwa ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na bomba natia matango matano, ndimu kumi zilizomenywa, fungu kubwa la mnanaa na vijiti vinne vya mdalasini. Mdalasini unaingia jioni, tango na ndimu alfajiri, mnanaa saa moja kabla ya wageni kufika. Matunda nayafunga kwenye kitambaa chepesi safi ili bomba lisizibe. Na barafu nagandisha mwenyewe kwa maji niliyoyachemsha, kwenye makopo, kuanzia siku mbili kabla. Barafu ya kununua siijui imetoka maji gani, na haina maana kuchemsha ndoo nzima kisha kuiharibu kwa bonge moja.