Kumbukumbu ya mradi wangu: Mikindani hadi Mtwara na kurudi bila kipandauso

Wiki ya 1, mwisho wa Septemba

Lengo ni moja: kukimbia kutoka nyumbani Mikindani hadi mjini Mtwara na kurudi, kilomita 20 hivi, kichwa kisiniume siku hiyo wala kesho yake. Miguu haina shida, umbali huo nimeshaufika mara mbili. Tatizo ni kichwa. Nikishapita kilomita ya nane, upande wa kushoto unaanza kugonga sawasawa na mapigo ya moyo. Nikifika nyumbani jicho halitaki mwanga, natapika, nalala na pazia limeshushwa hadi usiku. Mama anakiita kipandauso. Alikuwa nacho yeye, na bibi mzaa mama alikuwa nacho. Mama alikuwa akijifunga kanga kichwani kwa nguvu anakaa kimya barazani, na sisi watoto tunaambiwa tukacheze mbali.

Kabla ya kugusa chochote nimekwenda kituo cha afya. Huku kwetu kichwa kikiuma jambo la kwanza ni malaria, na ni haki iwe hivyo. Kipimo kimetoka safi, presha nzuri, damu inatosha. Daktari amenisikiliza vizuri sana. Amesema mbio zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa, hasa kwenye joto, na kwa mtu mwenye kipandauso zinaweza kukiamsha. Kisha akanitajia yale ambayo nikiyaona nisijaribu kukimbia wala kunywa dawa dukani, niende hospitali moja kwa moja: maumivu makali yanayokuja ghafla kama radi, shingo kukakamaa, mkono au mguu kufa ganzi, kuchanganyikiwa, kuzimia, au kifua kubana pamoja na kichwa. Hayo nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari kwa kalamu nyekundu, na mdogo wangu anayenifuata kwa baiskeli nimemsomesha mpaka ameyashika.

Nilimuuliza kama niache kukimbia. Akasema hapana. Baadaye nikasoma utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2011: watu 91 wenye kipandauso waligawanywa, wengine wakafanya mazoezi dakika 40 mara 3 kwa wiki, wengine wakajifunza kulegeza mwili, wengine wakapewa dawa ya kuzuia, topiramati. Mashambulizi yalipungua kwa makundi yote, na tofauti kubwa kati yao haikuonekana. Basi mbio si adui yangu. Ninachotafuta ni namna ya kuzikimbia.

Wiki ya 3

Kila niliyemwambia alijibu neno moja: maji. Nikayanywa. Jumamosi nilikunywa lita mbili kabla ya kutoka, na njiani chupa juu ya chupa, kila mdogo wangu aliponisogelea. Ikawa siku mbaya kuliko zote. Pete haikutoka kidoleni, tumbo lilikuwa linacheza, na kichwa kiliuma kote, kizito, si upande mmoja kama kawaida yake.

Sikupimwa damu siku ile, kwa hiyo siwezi kuapa kilikuwa nini. Ila nimesoma kilichowakuta wakimbiaji wa Boston, Marekani, mwaka 2002. Wakimbiaji 488 walipimwa damu mwisho wa marathoni, na asilimia 13 walikutwa na sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, iliyoshuka chini ya kiwango. Waliokuwa wameongezeka uzito njiani, kwa sababu ya kunywa sana, ndio waliokuwa hatarini zaidi. Dalili zake ni kichwa, kichefuchefu, kuvimba vidole, na ikizidi mtu anachanganyikiwa na anaweza kufa. Yaani kichwa cha kukosa maji na kichwa cha maji kuzidi vinafanana, na anayeongeza maji kwa kubahatisha anaweza kujiumiza akidhani anajitibu. Sitakunywa tena bila kupima.

Wiki ya 4

Kupima uzito kwa kitu gani? Mizani nyumbani hatuna. Mjomba anayo. Yeye ni mpimaji kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima, na msimu huu wa korosho analala hukohuko.

Nilifika jioni, nikamwamkia, nikamweleza. Akanitazama kidogo, kisha akavuta gunia lililokuwa juu ya mizani, akafuta vumbi la korosho kwa kiganja, akabonyeza mpaka namba zikarudi sifuri. "Panda, mama." Kilo 61.4. Nikakimbia dakika 70, nikanywa nusu chupa ndogo tu, kama mililita 300. Niliporudi nilijifuta jasho kwa taulo, nikavua viatu kama mara ya kwanza, nikapanda. 60.1. Mjomba akasoma namba kwa sauti ileile anayowasomea wakulima, akarudia mara mbili, kisha akauliza, "Kilo nzima na zaidi imekwenda wapi?"

Imekwenda kwenye fulana. Kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya jasho. Nilipoteza 1.3 na nilikuwa nimekunywa 0.3, kwa hiyo jasho langu ni lita 1.6 kwa dakika 70, jioni, pwani, hewa imejaa unyevu na jasho halikauki. Wataalamu wa michezo wanashauri mtu asipungue zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, na asirudi akiwa mzito kuliko alivyotoka. Kwangu asilimia 2 ni kilo 1.2. Sasa nina kipimo changu mwenyewe, si cha kuambiwa.

Kuhusu kinywaji: nilidhani dafu linatosha. Dafu ni tamu na lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo, na jasho linatoa sodiamu. Ninachobeba ni kilekile cha mtoto aliyeharisha: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kufuta, chumvi nusu kijiko cha chai. Dafu nalinywa nikifika, pamoja na chakula.

Wiki ya 6

Nimesogeza muda. Zamani nilitoka saa kumi jioni baada ya vipindi, na sikuwahi kufikiria njia imelala vipi. Mtwara iko mashariki mwa Mikindani. Jioni nilikuwa narudi nyumbani nikitazama magharibi, jua limeshuka usawa wa macho, bahari ya ghuba inamrudishia mtu mwanga huohuo mara ya pili. Ndiyo kusema kile kipande ambacho kichwa kilianza kugonga kila mara ndicho kipande ambacho nilikuwa nimekunja uso kwa jua.

Sasa natoka saa kumi na moja kasoro robo alfajiri. Kwenda ni giza na upepo, kurudi jua liko mgongoni. Kofia yenye ukingo mpana iko kichwani hata hivyo. Siku nne, kichwa kimeuma mara moja tu.

Wiki ya 7

Hili naliandika kwa kuwa lazima liandikwe. Kwa wiki mbili nilikuwa nameza diklopa, dawa ya maumivu, kabla ya mbio ndefu. Muuza duka la dawa alinipa bila swali. Daktari aliposikia alisimamisha palepale: dawa za jamii hiyo, mwili ukiwa umekauka, zinaumiza figo, na tumbo nalo haliachwi. Tena dawa za kawaida za maumivu zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, zenyewe zinazaa maumivu ya kichwa. Zipo dawa za kukinga kabla ya mazoezi, lakini hizo anaandika daktari baada ya kumchunguza mtu. Vidonge vilivyobaki nimeviondoa kwenye mkoba.

Wiki ya 9

Hapa ndipo naona mabadiliko makubwa kuliko yote, nayo hayana gharama. Nilikuwa na tabia ya kuanza kwa kupanda mbio ile njia ya kwenda Boma, jengo la kale la Wajerumani kilimani, ili damu ichemke mapema. Sasa natembea dakika 10, kisha nakimbia dakika 10 taratibu, mwendo ambao naweza kuongea na mdogo wangu sentensi nzima bila kuhema. Kilima nakiacha. Nikimaliza sisimami ghafla, natembea mpaka pumzi irudi.

Na sitoki na njaa. Jioni zile za zamani nilikuwa nimeshinda na chai ya saa nne tu. Sasa nakula ndizi mbivu mbili au kipande cha muhogo wa kuchemsha nusu saa kabla, na kahawa yangu ni kikombe kimoja kilekile kila siku, siongezi wala siruki.

Wiki ya 13

Nimehesabu daftari. Wiki tatu za mwanzo: mbio 7, kichwa mara 5. Tangu wiki ya 9: mbio 17, kichwa mara 2. Moja ilikuwa baada ya usiku wa kusahihisha mitihani, nimelala kwa saa tatu tu. Nyingine siku mbili kabla ya hedhi, na nikirudi nyuma kwenye kurasa naona hata mwanzoni siku hizo zilikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mbio ndefu sitaziweka hapo tena, nitatembea.

Jumamosi nilikwenda Mtwara na kurudi. Nilitumia saa 2 na dakika 20. Nilikunywa lita 1 ya maji yangu ya chumvi na sukari, kidogokidogo. Mjomba alikuwa ananisubiri mlangoni, mizani imeshafutwa. Nilitoka na 61.2, nikarudi na 60.1. Akachukua daftari, akaandika namba mwenyewe kwa mkono wake, akapiga mstari chini yake.

Jumapili niliamka saa kumi na mbili. Nilifungua dirisha la mashariki, jua likaingia mpaka kitandani, nikakaa palepale nikisuka nywele. Mama alipita mlangoni, akaniangalia usoni, akaniuliza kama ninywe uji wa ulezi au wa mtama.