Sisi tulikuwa wanne

Ijumaa usiku. Mama Neema ameshalala, mashine ya kuoshea vyombo inanguruma, na mimi bado niko Jumanne alasiri, mlangoni pa ofisi yangu.

Wiki hii makamu mkuu wa chuo anayesimamia taaluma amejiuzulu, bomba limepasuka ghorofa ya tatu likalowesha masanduku ya mitihani, Neema amepata barua ya kukubaliwa chuo kikuu (hongera zenu nimezifikisha), na yote hayo nimeyapita kama mtu anayekatiza sokoni bila hela. Kilichoning'ang'ania ni maneno matatu.

Mlio hapa tangu enzi zangu za kufundisha mnamkumbuka yule binti, niliwahi kumwandika. Ndiye aliyekuwa akigonga meza kwa penseli kuhesabu mapigo ya hexameta, mizani ya mashairi ya Kilatini, sita kwa kila mstari, mpaka jirani wa chumba cha pili akaja kuuliza kama tunajenga. Alikwenda kusoma, akapata uzamivu wake, akarudi, na sasa ni mhadhiri wa mkataba hapahapa. Anafundisha Kilatini nilichokiacha mimi siku niliyoombwa kukalia kiti cha naibu mkuu wa kitivo "kwa muhula mmoja tu". Muhula huo mnajua ulivyorefuka.

Basi alikuja. Novemba kwetu huku Marekani ni msimu wa kuhesabu vichwa: wanafunzi wameshajiandikisha kwa masomo ya Januari, na darasa lisilofikisha watu kumi linaletwa mezani kwangu lifutwe. Kilatini mwaka wa pili kimepata saba. Nilimwonyesha kiti, hakukaa. Koti alikuwa nalo mkononi. Akauliza kama nimeshasaini. Nikamwambia bado, lakini saba hawatoshi. Nililisema kwa ile sauti ambayo watu wa utawala tunajifunza bila kufundishwa, ya chini kidogo, yenye huruma isiyoahidi kitu.

Akasema, "Sisi tulikuwa wanne."

Akatabasamu. Nadhani alitabasamu. Akavaa koti, akanitakia likizo njema ya sikukuu ya Shukrani ya wiki ijayo, akaondoka zake.

Angegomba ningejua la kufanya. Wanaogomba nina fomu yao kwenye droo. Lakini hakugomba, wala hakukosea hesabu. Walikuwa wanne kweli: yeye, kijana wa uhandisi mitambo ambaye grisi haikumtoka kwenye kucha, mvulana mmoja asiyefungua mdomo mpaka aitwe jina, na bibi aliyestaafu kazi ya posta aliyekuwa akisoma kwa kujifurahisha. Chumba hakikuwa na dirisha, na upande wa pili wa ukuta palikuwa na mashine ya kutolea nakala. Tulisoma Virgil, mshairi wa Kirumi, kitabu cha malkia Dido, mistari 705, muhula mzima. Tulipofika pale Enea anapomwacha Dido na kung'oa nanga, yule bibi wa posta alivua miwani akasema, "Mwanamume huyu angekuja kaunta yangu, nisingemuuzia hata stempu." Mpaka leo sijasikia uhakiki unaompita.

Na darasa lile hakuna aliyelifuta. Wakati ule niliamini ni kwa sababu Virgil ni Virgil. Sasa nimekaa upande huu wa meza najua nani alitulisha. Ni lile darasa la visa vya miungu ya Wagiriki na Warumi, wanafunzi mia mbili na ushee kwenye ukumbi mkubwa, wengi wao wakitafuta krediti rahisi. Wale walibeba wanne wetu mgongoni bila kujua. Siku hizi haliwezekani hilo. Hesabu haifanywi tena kwa idara nzima, kila darasa linasimama kwa miguu yake, na lisilo na miguu linaletwa kwangu.

Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa, nikajisemea nikiwa bafuni Jumatano. Kisha nikawaza, unamwelezaje mtu aliyeshika koti mambo ya muundo wa bajeti? Nikatunga jingine kwenye foleni ya magari: kwamba afadhali sisi. Chuo Kikuu cha Howard, chuo pekee cha kihistoria cha Wamarekani Weusi kilichokuwa na idara ya klasiki (Kilatini na Kigiriki cha kale), kiliivunja mwaka 2021. Chuo Kikuu cha West Virginia mwaka 2023 walipitisha kufuta shahada 28, zile za lugha za kigeni zikiwamo. Sisi mlango wetu bado una kibao. Ni kweli tupu, na mtu ukimwambia hivyo atakuona umeanza kuwa sehemu ya samani za ofisi. La tatu lilinijia katikati ya kikao cha maegesho. Nilitaka kumsimulia seminari, kule Ruvuma, wavulana arobaini na kitu kwenye darasa moja, padri mzee Mjerumani na rula yake, na hakuna hata mmoja aliyetuuliza kama tunakitaka Kilatini. Kikao kikaniuliza maoni yangu kuhusu maegesho ya walemavu. Nikasema naunga mkono. Sijui niliunga mkono nini.

Alhamisi usiku nilishindwa, nikamsimulia mama watoto. Mama Neema alisoma Latin-Philo, mchepuo wa Kilatini na falsafa, kwa masista kule Bukavu, Kongo, na mpaka leo anatwanga sombe huku akiimba rosa, rosa, rosam, maumbo ya neno "waridi", kwa mpangilio wa Wabelgiji ambao mimi nauona umepinda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Baba Neema, si umpe?"

"Nimpe nini?"

"Hao watatu."

"Watatu nitawatoa wapi?"

"Mwenye orodha ni nani, mimi?"

Akaenda kulala. Mimi nikafungua orodha. Kwa kweli nilifungua kwa hasira, nimwonyeshe asubuhi kwamba hakuna. Na palepale, mistari miwili chini ya wale saba, nikakuta Kilatini mwaka wa tatu: wanafunzi wanne, darasa lililosamehewa kwa kuwa wote wanahitimu Mei na hawawezi kuhitimu bila hilo. Saba na wanne. Chumba kimoja, saa moja, mwalimu mmoja, mwaka wa pili wasome kurasa chache na mwaka wa tatu wasome zaidi. Kumi na mmoja! Kanuni inasema kumi, haisemi wote wawe mwaka mmoja. Nilisimama jikoni peke yangu nikicheka. Tangu nishike kazi hii sijawahi kufurahia jedwali, na usiku ule nililifurahia.

Barua pepe nimeiandika leo asubuhi. Jibu lake limekuja mchana: ananishukuru, wanafunzi watafurahi, na anaomba kujua kama kwenye mkataba wake itahesabika kozi moja au mbili.

Itahesabika moja. Nilijua kabla sijabonyeza kutuma. Nilitaka kwanza Jumatatu niwaone watu wa fedha ndipo nilitaje, ila yeye hesabu zake zina kasi kuliko zangu, na ana haki. Bima ya afya hapa mhadhiri wa mkataba anaipata akiwa na kozi tatu. Alikuwa na tatu, hizo mbili za Kilatini zikiwamo. Darasa likifutwa anabaki na mbili, likiunganishwa anabaki na mbili. Wanafunzi nimewaokoa wote saba. Yeye yuko palepale aliposimama na koti lake.

Jioni nimemsoma Pliny, yule mdogo, Mroma mwandishi wa barua, ambaye zamani nilikuwa nampa mwaka wa pili kwa sababu sentensi zake zinatafunika. Kuna barua anamlalamikia rafiki kwamba kazi ya umma imemmeza: anaketi barazani, anasaini maombi, anaandika mahesabu, na barua anaandika nyingi mno zisizo na fasihi hata chembe. Mwanafalsafa Euphrates akawa anamliwaza kwamba kuhudumia watu nako ni falsafa, tena sehemu yake iliyo nzuri kuliko zote. Pliny anasema katika hilo tu hakumshawishi. Na mimi pia.

Lakini barua niliyokaa nayo leo ni ya baadaye, akiwa gavana Bithynia, jimbo la Roma katika Uturuki ya leo, mwanzoni mwa karne ya 2. Moto umeteketeza nyumba nyingi katika mji wa Nicomedia, na mji hauna hata ndoo. Pliny anamwomba mfalme Trajan ruhusa ya kuunda kikosi cha zimamoto, watu 150 tu, na atawachunga mwenyewe. Trajan anajibu kwa adabu kamili. Watu hapana, makundi ya namna hiyo hugeuka ya siasa. Nunueni vifaa, wenye nyumba wazime wenyewe. Nilikuwa nikiifundisha barua hiyo ya Trajan kama mfano wa Kilatini safi cha kiofisi, darasa linacheka. Leo nimeona nimeshaiandika, saa tatu asubuhi, na nakala nimempelekea mkuu wa kitivo.

Jumatatu fedha. Nikikwama huko kuna lile darasa la miungu, bado linajaa, na msaidizi wake wa Januari hajapatikana. Kazi ya usaidizi sijui kama inahesabika kuwa kozi. Nitauliza kabla sijamtajia.

Halafu kuna la mdogo wangu. Ametuma ujumbe wa sauti kutoka Songea: namba yake ya mkulima haisomi kwa wakala, na bila namba hapati mbolea ya ruzuku. Shamba ameshalima, mvua imeanza kuchungulia. Nimemtumia hela ya mifuko miwili ya DAP, mbolea ya kupandia, kwa bei ya kawaida. Kwangu muamala unaonyesha umetoka, yeye anasema haujaingia. Kule sasa kumeshakucha, nampigia, simu haipatikani.