Dodoso lisilo na jina bado linaweza kumtaja mtu

Wanaosoma shahada ya uzamili ya saikolojia ya kazi na mashirika huku wameajiriwa, vipindi vya jioni na wikendi huwa haviwashindi. Kinachokwama ni tasnifu, hasa mtu anapoamua kukusanya data kazini kwake. Uamuzi wenyewe si mbaya: watu unao, nauli hulipi. Tabu ni kwamba wenzako wanakujua, na wanajua unakula na nani mchana.

Tazama ukurasa wa kwanza wa dodoso lako. Umeuliza idara, jinsia, umri na miaka kazini. Uhasibu wako sita, na mwanamke aliyevuka miaka 50 ni mmoja tu. Jina hukuliuliza, lakini umeshamtaja. Atazungushia 4 kati ya 5 kila mstari, juu mpaka chini, nawe utaandika kuwa ofisi ina ari kubwa. Kwa hiyo uliza yale tu yanayohitajika kujibu maswali ya utafiti, umri uwe kwa makundi mapana, na usiripoti kundi lenye watu chini ya kumi.

Fomu zisipite kwa wakuu wa idara wala ofisi ya rasilimali watu. Za karatasi zirudi kwenye bahasha iliyofungwa. Ukitumia Google Forms, zima ukusanyaji wa barua pepe, na zima pia sharti la jibu moja kwa mtu, maana linamlazimisha aingie kwa akaunti yake. Heri mmoja ajaze mara mbili kuliko wote wajaze kwa woga.

Kwa idadi, wengi hutumia jedwali la Krejcie na Morgan la 1970: wafanyakazi 200 wanadai sampuli ya 132, na 300 wanadai 169. Hizo ni fomu zilizorudi. Ukitarajia zirudi saba katika kila kumi, kupata 132 ugawe 189. Ofisi ya watu 100 inadai 80, basi wape wote tu.

Tafsiri ndiyo huharibu kimyakimya. Kipimo cha Utrecht cha ari ya kazi, toleo la maswali 9, kina swali ambalo likifasiriwa neno kwa neno mfanyakazi "anapasuka kwa nguvu". Mtu wa ghala atacheka, kisha atajaza ovyo. "Nikiwa kazini najisikia nina nguvu tele" inatosha. Mpe mtu mwingine, ambaye hajaona dodoso la asili, airudishe kwenye Kiingereza. Penye tofauti, rekebisha. Halafu jaribu kwa watu 20 hadi 30 wa tawi jingine, na watatu kati yao wakueleze kwa mdomo walivyoelewa kila swali.

Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali ya kipimo kimoja yanavyokwenda pamoja, ikishuka chini ya 0.70, usikimbilie kufuta maswali. Angalia kwanza yale yaliyoulizwa kinyume: kwenye mizani ya 1 hadi 5, alama mpya ni 6 kutoa ya zamani. Hapo ndipo wengi husahau.

Kibali cha mwajiri kipate kwa maandishi kabla ya kutetea pendekezo, kikitaja cheo cha anayekitoa, kwa sababu mabosi huhamishwa. (Kenya utahitaji pia kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.) Barua iseme wazi kwamba uongozi utapewa muhtasari, si majibu ya mtu mmojammoja. Utaihitaji siku bosi atakapokuita na kukuomba "lile faili la Excel tu".